Mhariri, kodingi sio kodi, na semina ya siku mbili haitutoshi

Ndugu Mhariri, salamu nyingi kutoka Tanga. Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua wengi wanakuandikia kuhusu maji na barabara, na mimi ningeandika hayohayo maana mtaani kwetu yote mawili yanatusumbua, ila leo niache niseme la kwetu walimu.

Kila nikishika gazeti siku hizi nakuta mtu kasema watoto wafundishwe kompyuta, wafundishwe kodingi, yaani kuipangia kompyuta maelekezo ya kufuata, dunia inakimbia tusije tukaachwa. Sawa, sipingi, na mtaala ulioboreshwa tumeshaanza nao tangu Januari 2024 kwahiyo hayo mambo hayakwepeki. Ninachouliza ni kimoja tu, huyo mwalimu wa kuwafundisha, yeye kafundishwa na nani na kafundishwa vipi? Maana mi nafundisha Hisabati shule ya msingi, mwaka wa 16 huu nashika chaki, na hiyo kodingi nimeshafundishwa mara mbili. Mara ya kwanza sikuambulia kitu, mara ya pili nikaelewa, na tofauti ya hizo mara mbili ndio imenifanya nikae niandike.

Mara ya kwanza ilikuwa semina. Waandaaji siwataji, walikuja kwa nia njema. Barua ilipofika shuleni mwalimu mkuu akatusomea ofisini, "semina ya kodingi", basi mama mmoja wa darasa la pili, mtu mzima wetu yule anakaribia kustaafu, akadakia, "Kodi ya nini tena jamani, ya pango au ya TRA?" Tulicheka mpaka kengele ikagongwa, ila ukweli ni kwamba katika wote tuliocheka hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua jibu.

Semina yenyewe siku mbili, ukumbini, watu kama sitini, wa Muheza wapo, wa Pangani wapo, wa Mkinga, na wengine wa Lushoto huko ambao wameamka usiku wa manane kuwahi gari. Laptop sita. Piga hesabu mwenyewe, watu kumi kwa mashine moja, na katika kila kumi anayeshika mausi ni mmoja, na huwa ni kijana anayejiamini, sisi wengine tunachungulia juu ya mabega kama watu waliokosa benchi kwenye kibanda umiza siku ya Simba na Yanga. Mwezeshaji katoka Dar, kijana msomi kweli na mpole, lakini slaidi zake haziishi, mara veriabo, mara lupu, mara kondisheni, na kila baada ya slaidi tano anauliza "tuko pamoja?" na sisi tunaitika "tuko pamojaaa" kama darasa la kwanza. Hatukuwa pamoja. Sisi ndio mabingwa wa kuwagombeza watoto wanaoitika "ndiyo mwalimu" na hawajaelewa, siku ile tukawa wao.

Jioni ya siku ya pili picha ya pamoja, cheti, kusaini nauli, watu wanakimbilia stendi. Cheti changu nimekitia plastiki, kizuri tu. Niliporudi nikaambiwa niwape wenzangu mrejesho, nikasimama dakika kumi nikasoma kijitabu kama nilivyopewa, wakanipigia makofi, tukaingia madarasani. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga simu kuuliza jamani nyie mlifika wapi.

Mtu atasema labda tatizo vifaa. Vifaa vinatakiwa, sikatai, ila nitoe siri yangu. Baada ya ile sensa ya Agosti 2022 serikali ilivigawa kwa walimu vile vishikwambi walivyotumia makarani, na mimi nikapata changu, nilifurahi sana na nashukuru. Lakini kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa mbili tu, grupu la WhatsApp la shule na katuni za mwanangu wa mwisho. Sio dharau, nilikuwa sijui nikifanyie nini kingine. Na sio mimi tu Mhariri, hata Peru huko Amerika Kusini waligawa laptop ndogo za watoto zaidi ya 800,000, nchi nzima, halafu mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikatoa utafiti wake kwenye shule 319 za msingi za vijijini, ikaangalia Hisabati na lugha, ikakuta watoto waliopata laptop na wasiopata hawajapishana kitu. Laptop laki nane! Niliposoma hiyo nikakitazama kishikwambi changu nikaona afadhali angalau katuni zimetazamwa.

Sasa mara ya pili. Hiyo ilianza na mihogo.

Tuliletewa mwalimu wa ajira mpya, binti mdogo, anafundisha Kiswahili, yaani wala sio wa Hisabati wala wa Sayansi. Alhamisi moja baada ya vipindi namkuta ofisini mkono mmoja anakula mihogo ya kukaanga na pilipili, mkono mwingine anasukuma kijipaka cha rangi ya chungwa kwenye kioo cha kishikwambi. Nikamtania, "Madamu, magemu kazini?" Akanijibu, "Sio gemu mwalimu, natengeneza programu, karibu ujaribu." Hakunieleza neno. Alinisogezea kishikwambi na sahani.

Hiyo programu inaitwa Scratch, wameitengeneza Marekani chuo cha MIT, kundi la profesa Mitchel Resnick, ilitoka mwaka 2007, ni ya bure na ukishaipakua mara moja haikudai bando tena. Kilichonishangaza zaidi, ukienda sehemu ya lugha Kiswahili kipo. Kumbe siku zote zile za veriabo na lupu tungeweza kusoma kwa lugha yetu! Hapo huandiki chochote, unashika vipande vya rangi unavipachika kimoja chini ya mwenzake, hiki sogea, hiki geuka, hiki rudia, halafu paka anafanya ulichopanga. Anafanya ulichopanga, sio ulichokusudia, na hapo ndipo nilipoumbuka.

Madamu akaniambia nimchoree mraba. Rahisi, sogea hatua 100, geuka nyuzi 90, rudia mara 4, paka kachora mraba safi kabisa, kichwa kikanivimba. Akasema haya, sasa pembetatu pande sawa. Mhariri, pembetatu pande sawa ndio kazi yangu, niamshe saa nane za usiku nitakwambia kila pembe nyuzi 60, tatu zikijumlishwa 180. Nikapanga sogea 100, geuka 60, rudia mara 3. Paka akaenda, akakata, akaenda, akakata, akaenda, akasimama. Nikatazama. Ile sio pembetatu, ile ni kama bakuli limelala ubavu, nusu ya kitundu cha sega la nyuki.

Nikasema kishikwambi kibovu, kweli nilisema hivyo, mashahidi wapo. Nikarudia, bakuli. Nikaona labda hajamaliza, nikaongeza rudia ikawa mara 6, akafunga umbo, pande sita. Madamu anatafuna tu mihogo yake hasemi kitu, na nimekuja kuelewa baadaye sana kwamba ule ukimya ndio ulikuwa ufundishaji wenyewe, maana mimi mtoto akikosea namrukia na jibu kabla hajameza mate.

Mwishowe akasema, "Mwalimu, si utembee mwenyewe." Nikainuka, katikati ya ofisi, kati ya kabati na meza ya mwalimu wa taaluma, nikatembea hatua zangu tatu nikafika kona, nikasimama kujiuliza, hapa nigeuke kiasi gani ili nielekee upande wa pili? Ukiwa umekaa ndani ya pembetatu unaiona ile 60. Lakini ukiwa unatembea kwenye ukingo wake unachokigeuka ni kile kilichobaki kwenye mstari ulionyooka, 180 toa 60, ni 120. Pembe ya nje! Hii ninayoichora ubaoni kila mwaka kwa kurefusha mstari, watoto wanakariri kwa ajili ya mtihani na mimi mwenyewe sijawahi kuona inamsaidia nani. Nikaweka 120, paka akafunga pembetatu. 120 mara 3 ni 360, yaani umezunguka mzima umerudi pale ulipoanzia unatazama kulekule. Mraba 90 mara 4, 360 ileile. Lile sega langu 60 mara 6, ileile. Nikakaa chini. Mtu mzima, watoto wanne, pembe nimezifundisha miaka 16, na kwanini za nje zinafika 360 nimeijua siku hiyo, kwa miguu yangu, kwenye sakafu ya ofisi.

Nilipofuatilia nikakuta hata hili la kutembea lina mwenyewe. Alikuwa anaitwa Seymour Papert, kazaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akaenda kufanya kazi Geneva na Jean Piaget, yule wa saikolojia ya watoto tuliyemkariri chuo cha ualimu, halafu akahamia hukohuko MIT. Mwaka 1967 yeye na wenzake, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, wakatoa lugha ya kompyuta ya watoto inaitwa Logo, na baadaye mtoto akawa anamwamuru kobe, kijiroboti cha kutembea sakafuni kikiwa na kalamu tumboni, mbele hatua kadhaa, kulia nyuzi kadhaa. Mtoto akikwama alikuwa anaambiwa ajifanye yeye ndio kobe, atembee. Paka wetu wa rangi ya chungwa ni mjukuu wa kobe huyo. Na jambo ambalo Papert alilisisitiza, ambalo mimi mtu wa kalamu nyekundu limenichoma, ni kwamba kwenye programu mtoto haulizwi kapata au kakosa, anaulizwa hii tuirekebishe vipi.

Basi ikawa kila Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Tulianza wawili sasa tumefika watano, hata yule mama wa TRA yumo, na nakwambia ndio mkali kuliko wote maana hana aibu ya kuuliza. Veriabo tumeachana nayo, sisi tunaita kapu. Kapu lina jina nje, ndani unatia machungwa, leo matano kesho tisa, jina la kapu halibadiliki, kilichomo ndio kinabadilika, na mtu wa Tanga ukimpa mfano wa kapu la machungwa ya Muheza hakuulizi mara mbili. Baadaye nikagundua tunachofanya ndio kilekile mpango wa MEWAKA unachotaka, mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwamba walimu mkutane shuleni kwenu kwenye jumuiya za ujifunzaji mfundishane. Mpango mzuri, mi nausifu. Shuleni kwetu tu, na hapa lawama ni zetu wenyewe, tulikuwa tunakutana kwenye daftari, yaani mahudhurio yanasainiwa, muhtasari unaandikwa, mkutano hakuna.

Darasani je? Hapo ndio kazi. Darasa langu la tano lina watoto 83 na kishikwambi kimoja ukiwapa wanakigombea kama mpira wa kona. Na siku niliyopanga kuanza, luku imeisha tangu asubuhi na chaji asilimia sita. Nikawaza nirudi kwenye sehemu za desimali, halafu nikakumbuka ile sakafu ya ofisi. Nikawatoa nje kwenye baraza, nikachora kwa chaki Ngamiani, barabara zetu za namba, ya saba, ya nane, ya tisa mpaka ya kumi na mbili, na vichochoro vinavyozikata, wenyewe mnajua Ngamiani ilivyonyooka kama daftari la hesabu. Nikaweka kopo kuwa duka la mikate barabara ya kumi na mbili. Mtoto mmoja ni roboti, kafungwa macho na skafu, na kila kundi linaandika maelekezo kwenye vikaratasi, ni maneno manne tu yanaruhusiwa, mbele, kulia, kushoto, rudia.

Kundi la kwanza wakaandika "mbele" bila kusema hatua ngapi. Roboti wetu, kaka mmoja mtukutu kweli, akasema mimi nimeambiwa mbele, akaenda mbele, akatoka Ngamiani, akatoka kwenye baraza, tukamkamatia karibu na tundu la choo cha wavulana. Watoto walicheka mpaka walikaa chini. Lakini kuanzia hapo hakuna kundi lililosahau namba. Kundi la tatu wameandika vizuri tu, "rudia mara 5, mbele 1", roboti kapitiliza duka, na kuna binti mmoja hapo, mwaka mzima sijamsikia sauti, anakaa nyuma dirishani, akasema, "Mwalimu mdudu yupo kwenye rudia, tumehesabu na ile barabara aliyosimama." Mdudu ndio jina la kosa kwenye programu. Yaani walikuwa wamehesabu ya nane alipoanzia, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, tano, wakati kutoka ya nane mpaka ya kumi na mbili ni hatua nne! Hilo kosa la kuhesabu nguzo badala ya nafasi kati ya nguzo nimelisahihisha kwenye madaftari tangu nianze kazi, na sijawahi kuona mtoto anamweleza mwenzake kwa mdomo wake. Sasa hivi darasa zima kosa linaitwa mdudu, hata kwenye insha, madamu wa Kiswahili analalamika.

Najua kuna msomaji hapo anasema madawati hayatoshi, vyoo havitoshi, nyie mnaleta makobe na mapaka. Ana hoja na mimi niko upande wake kwenye madawati. Ila lile somo la Ngamiani limenigharimu chaki mbili.

Ninachowaomba wenye semina zao basi, maana najua zitakuja tena na mimi nitaenda, nauli ni nauli. Msituletee mtu wa slaidi kwa siku mbili akaondoka moja kwa moja. Siku hizo mbili zigaweni, mje leo tutengeneze kitu kwa mikono yetu, sisi wenyewe tukosee kwanza, tukajaribu na watoto wetu wiki tatu hivi, mrudi tuwaambie kilichotushinda, kwa sababu maswali yangu ya kweli yote yalikuja baada ya kuingia darasani, ukumbini sikuwa na swali hata moja. Na anayerudi si lazima atoke Dar, hapa Tanga wapo kina madamu wa mihogo hawana cheti chochote cha kompyuta na wanajua. Na wakuu wa shule watutengee hiyo saa moja kwenye ratiba, iandikwe kabisa kama vipindi vingine, kwa sababu sisi tunaifanya muda ambao mwenzetu mmoja ana mtoto mchanga nyumbani na mwingine ana genge lake Makorora linamsubiri, wakikosa nawaelewa.

Wala tusione kwamba kurudi kumfundisha mwalimu kwanza ni unyonge wa nchi maskini. Uingereza waliingiza kompyuta shuleni kwa lazima Septemba 2014, mtoto anaanza na miaka mitano kuandika programu, pesa wanazo, miundombinu wanayo, na bado Novemba 2017 taasisi yao kubwa ya sayansi, Royal Society, ikatoa ripoti kwamba somo hilo liko vipandevipande na halijasimama vizuri, walimu wengi wanafundisha kitu wasichokuwa na uhakika nacho. Ndipo mwaka 2018 wakaanzisha kituo cha taifa cha kuwafundisha walimu, pauni milioni 84. Miaka minne wamemkimbiza mtoto, halafu wakageuka kumtafuta mwalimu.

Sisi Alhamisi hii tupo, saa nane na nusu, ofisini, anayetaka aje na kishikwambi chake kikiwa na chaji. Tunajaribu nyota ya ncha tano. Yule mama wa darasa la pili anasema ageuke nyuzi 72, mimi nasema hapana, 72 ni ya umbo la pande tano, nyota lazima akate kona kali zaidi ya hapo, tumebishana wiki nzima na hakuna anayetaka kwenda kutafuta jibu intaneti. Mpaka naandika barua hii paka wetu bado anachora kitu kama pweza.

Mwalimu wa Hisabati,
Tanga